Dola ya Mwaka 1903 na Mkono wa Ukwaju

Leo ni Ijumaa, tarehe 9 Februari 2007, nami ni Nagalingam mwana wa Sinnathurai, karani mstaafu wa ofisi ya ardhi hapa Ipoh, niliyeajiriwa tarehe 2 Mei 1953 na kustaafu tarehe 30 Juni 1986, pasipo kuchelewa kazini hata siku moja. Sogeeni, wanangu. Sivanesan, zima hiyo feni, inaimeza sauti yangu, na iliyobaki ni kidogo. Thayalini, kaa hapa ukingoni mwa kitanda, alipokuwa akikaa mama yako.

Nyumba ni yenu wawili, sawa kwa sawa, na hati iko kwa wakili. Hilo halina maneno. Maneno yako kwenye kabati la sarafu, na katika kabati zima yako kwenye sarafu moja, ile dola ya fedha ya mwaka 1903 yenye kichwa cha mfalme, ambayo tangu utotoni mmeijua kuwa ndiyo aliyoiharibu mama yenu.

Kwanza jifunzeni kuisoma, kwani asiyejua kusoma sarafu hudanganywa na mng'ao. Ishikeni ukingoni, uso wake msiuguse, kisha iinamisheni polepole chini ya taa. Sarafu isiyopita mikononi mwa watu ina mng'ao unaotembea, unaozunguka juu yake kama njiti za gurudumu la baiskeli; hiyo ndiyo hupewa alama sitini na kupanda, na sabini ndio ukamilifu. Iliyotumika huanza kulika palipoinuka, vito vya taji kwanza, kisha nyusi, kisha sikio, mpaka mfalme abaki kivuli, na alama zake hushuka ngazi kwa ngazi. Kulika huko si aibu, wanangu. Ni ushahidi kwamba ilinunua mchele na samaki. Aibu ni kusuguliwa. Iliyosuguliwa ili ionekane mpya, hata iwe na kila unywele wa mfalme, haipewi alama yoyote. Hurudishwa na neno moja tu, kwamba imesafishwa.

Dola ile niliinunua Jumatatu, tarehe 12 Machi 1979, dukani kwa mzee Foong, ambaye kila sarafu iliyotoka kwake aliipiga picha kubwa kwa kumbukumbu zake. Akaniambia, "Bwana Naga, itie tena chini ya taa. Dola haina miguu, haitakimbia." Nikamjibu kwamba nimesoma karatasi za serikali miaka ishirini na sita, na jicho langu halihitaji taa ya pili. Jumapili iliyofuata nikaipeleka kwenye chama chetu cha wakusanya sarafu, ambako neno langu ndilo lililokuwa la mwisho, nikaipa sitini na nne. Hakuna aliyethubutu kuuliza. Nyani haoni kundule.

Jumamosi, tarehe 24 Oktoba 1981, siku chache kabla ya Deepavali, sikukuu yetu ya taa, mama yenu alikuwa uani akiosha taa za shaba kwa ukwaju, kama alivyofundishwa na mama yake. Akaniletea sinia, na katikati ya taa iko dola. "Tazama, mzee," akasema, "mfalme wako nimemnawisha uso. Naye si anataka sikukuu?" Alikuwa anacheka. Nikachukua lenzi, nikaona michirizi myembamba kama unywele, mingi, yote imelala upande mmoja shavuni mwa mfalme. Nikamwambia, "Annapuranam, umeua." Akasema, "Nimeua nini? Si inang'aa?" Nikasema, "Ndiyo maana." Kicheko kile sikukisikia tena.

Nikaenda chamani nikawaambia mke wangu ameiosha. Wakanipa pole, wakacheka, na huko ndiko lilikozaliwa lile jina, Mkono wa Ukwaju. Likarudi nami nyumbani. Mkalichukua nyinyi watoto. Mwishowe akalichukua mwenyewe. Wageni wakimpa kikombe cha kioo akishike, husema, "Msinipe mimi, mimi ni mkono wa ukwaju," na wote wakacheka, nami nikacheka nao. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi.

Nipeni maji. Basi, yanatosha.

Mwaka 1984, mwezi Agosti, tarehe… tarehe imenitoka. Mzee Foong alifunga duka, akamrudishia kila mteja picha zake. Nikaiweka picha ya dola chini ya lenzi. Michirizi ilikuwamo. Ileile, upande uleule, shavu lilelile, miaka miwili na miezi saba kabla ya ukwaju. Ukwaju na vidole vya mwanamke havichori fedha. Huondoa weusi tu. Mtu mwingine aliisugua kwa kitambaa na unga mkali kabla yangu, nami sikuona, kwa kuwa sikutaka taa ya pili. Nikaifunga picha katika bahasha. Kama ningesema, chama kingeuliza ni sarafu ngapi nyingine nilizozihukumu hivyo. Mama yenu alifariki Jumatano, tarehe 3 Juni 1998. Nilikuwa na karibu miaka kumi na minne ya kusema sentensi moja.

Picha iko chini ya droo ya tatu. Ipelekeni chamani, Jumapili, waione walio hai.

Dola ni yako, Thayalini. Usiiuze. Kila Deepavali itie katika sinia na taa za mama yako, uioshe… kwa ukwaju… kwa mkono wako. Haina alama ya kupoteza. Haikuwa nayo.

Majivu yangu yapelekeni yalikopelekwa yake. Mpendane. Kuleni pamoja. Mikono yenu ishike vitu vya thamani… wala isitetemeke.

Sivanesan. Inama. Kwenye harusi ya binti yako, mbele ya wakwe, ulisimulia kwamba mama yako aliharibu sarafu bora ya baba yako. Watu walicheka sana. Si hivyo, mwanangu. Sarafu ilikuwa mbovu tangu dukani, na mama yako… hakuharibu kitu.