Vibuyu vya Mbegu vya Bibi Dorkas

Shikamooni wazee wetu, na poleni nyote kwa msiba huu. Mimi ni Jenifa, mtoto wa Eliana, na Mjomba Philipo, ambaye ndiye mkubwa wa familia, amenipa kazi ya kusoma maisha ya Bibi kwa sababu ni mimi niliyekuwa nikilala naye chumba kimoja.

Bibi yetu, Dorkas Kefa, alizaliwa Kinampanda tarehe 3 Machi 1936, akasoma shule ya misheni hadi darasa la nne, mwaka 1949, akaondolewa ili awalee wadogo zake, na hata uzeeni alikuwa akisema kuwa alichokikosa zaidi ni kuimba mstarini asubuhi.

Tarehe 12 Oktoba 1955 alifunga ndoa na Babu Obadia, akaletwa hapa Misigiri, wakajaliwa watoto watatu, Philipo, Eliana na Sixbert, ambaye alichukuliwa na surua akiwa mdogo.

Kazi yake ilikuwa kilimo. Tangu nikiwa mdogo nakumbuka jiko lake lenye harufu ya moshi na majani ya kunde, na juu ya mafiga vibuyu viwili vya mbegu za uwele, vyeusi kwa masizi, vimening'inizwa hapo ili wadudu wasiziguse. Biashara ya nafaka ilipofunguliwa kwa watu binafsi na malori ya wanunuzi kuanza kusimama hapa barabarani, watu wengi walihamia kwenye mahindi, naye pia alilima mahindi, lakini mvua iliyokuwa ikija Novemba ikaanza kuchelewa, na ikija inakatika Januari.

Babu alifariki Novemba 1991, na kwa kuwa ni desturi yetu waombolezaji washibe, siku ya tatu vibuyu vilishushwa, mbegu zikatwangwa, zikaliwa, na wiki hiyohiyo mvua ikanyesha. Mahindi tuliyopanda badala yake yalikauka. Mwaka uliofuata Bibi alikwenda Manyoni kwa dada yake, akarudi na mbegu za uwele unaowahi kukomaa, amezifunga kwenye kanga, akarudi pia na namna ya kupanda kwenye vumbi kabla ya mvua, ili tone la kwanza likute mbegu iko chini.

Jirani yetu Mzee Alute, aliyepo hapa, alipomwona akipanda kwenye vumbi alimuuliza kama anawalimia sisimizi, naye akamjibu kuwa sisimizi nao ni majirani. Mvua ilipokatika Januari 1997 mahindi yakiwa yametoa mbelewele, uwele wetu ulikuwa tayari na masuke, na Mzee Alute alipomtuma mke wake na ungo, Bibi aliuliza kama ametumwa na sisimizi, kisha akamjazia. Mwaka huo niliacha shule darasa la sita, nikawa naye shambani, na namshukuru Mungu kwa asubuhi zile, kwa sababu alikuwa akiimba.

Ugonjwa wa tumbo ulimwanza Februari 1998, akatibiwa hospitali ya Kiomboi, na tarehe 21 Novemba, alfajiri, alituacha. Siku moja kabla alimshika Mjomba mkono, akamwambia wageni walishwe kila kitu kilichomo ndani, ila vibuyu visishushwe kwa kupikwa.

Juzi wazee wa ukoo walikaa, na wengine walisema ni aibu mwenye msiba kubakiza nafaka huku wageni wanaondoka na njaa, na hawakukosea, maana ndivyo tulivyolelewa. Mjomba akatoa mbuzi wake wawili, akasema vibuyu havishuki. Kwa hiyo ugali wa leo ni mdogo, mtusamehe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, mchungaji na kwaya, majirani mliochota maji na kuchimba kaburi, na akina mama wenzake wa shambani mliompalilia alipokuwa amelala kwa ugonjwa.

Tukishamzika, mama yangu Eliana atavishusha vibuyu, na kila mama apite jikoni achukue mbegu za kupanda, mke wa Mzee Alute awe wa kwanza. Mawingu yameonekana upande wa Sekenke tangu jana, kwa hiyo msikae sana matangani, nendeni mkapande.

Bibi, mbegu zako hazikupikwa. Pumzika kwa amani.