Bibi Verdiana na Akina Mama wa Mwaka wa Vipele

Tarehe 30 Juni 1957 Bibi Verdiana Oswaldi atastaafu ukunga hapa Bagamoyo, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Ni vigumu kupita uchochoro wa mji huu usikutane na mtu aliyepokewa na mikono yake. Mimi Mwishehe, dresa wa wodi yake, mfunga vidonda, ninayeandika haya, wanangu wote amewazalisha yeye, na kila mara alinifukuza mlangoni nisije nikazirai.

Alianza akiwa binti wa misheni, akitandika vitanda na kuchemsha vyombo. Mwanzoni wazee wengi hawakutaka wake zao waje kwake. Hakugombana nao. Aliwaendea wakunga wa nyumbani, akala nao muhogo, akawaheshimu. Punde wao wenyewe wakawa wanamwita uzazi ukiwa mgumu.

Mwaka 1938 vipele vilipita mji hadi kijiji cha Zinga. Homa yake ilikuwa nyepesi, watu wakaiita surua ndogo, wakaipuuza. Bibi Verdiana aliuguza wengi, naye akaugua, akiwa na mimba changa. Binti yake Gertruda alizaliwa mnene, mwenye macho ya kufuata kila kitu. Lakini alipofika umri wa kugeuka akiitwa, hakugeuka. Kengele ya kanisa ililia karibu naye, asishtuke. Na hakuwa peke yake: watoto kadhaa wa mwaka ule walikuwa vivyo hivyo.

Maneno yakaanza. Huyu alimcheka bubu, yule kavunja mwiko, yule karogwa. Ashatu wa Zinga alipewa talaka na mumewe, Mtoro, kwa ajili ya mtoto wao asiyesikia. Bibi Verdiana aliwakusanya akina mama hao barazani kwake kila Ijumaa jioni, wakabuni pamoja ishara za mikono za kusemea na watoto wao. Baraza lile lilikuwa na vicheko kuliko harusi. Ila siku moja, tukikunja mashuka, aliniambia, "Mwishehe, watoto wa watu wote nawasikia wakiita mama. Wangu tu ndiye sitamsikia."

Mwaka 1951 alikuja daktari mgeni kukagua wodi. Akatueleza kuwa ng'ambo wamegundua kwamba ugonjwa ule, ukimpata mwenye mimba changa, waweza kumharibu mtoto masikio angali tumboni. Bibi Verdiana akamwomba arudie.

"Kwa hiyo, Bwana Daktari, hakuna mama aliyekosa?"

"Hakuna."

Aliketi kwenye benchi akalia mbele yetu sote. Kesho yake akaomba ruhusa, tukaenda Zinga kwa Mtoro. Alimweleza yote, taratibu, bila kumlaumu. Mtoro aliinamisha kichwa.

"Mbona hukuja mapema, Bibi?"

"Sikujua, mwanangu. Nimejua jana."

Mtoro alikwenda kwa kaka zake Ashatu kuomba radhi. Ashatu akamjibu mbele ya wote: "Nimekusamehe. Kwako sirudi. Mwanao njoo umwone." Akawa anakwenda, na mtoto akamfundisha ishara, moja moja, akimcheka vidole vyake vizito. Akina mama wengine Bibi Verdiana aliwafuata nyumba kwa nyumba, mpaka na wakwe zao wakasikia.

Mwaka jana Gertruda aliolewa na seremala wa Ubena. Tangu hapo mara nyingi tumemwona mama yake kwenye mlango wa wodi, ametazama barabara, mikono yake ikisema peke yake bila mtu mbele yake. Sasa Gertruda amejifungua mtoto wa kike, naye Bibi Verdiana anahamia huko. Wodi hii itakuwa kubwa mno bila yeye, na tumekwisha anza kumkumbuka kabla hajaondoka.

Ahsante kwa kutupokelea watoto wetu, na kwa kuwatua akina mama mzigo usiokuwa wao. Nenda kwa amani, Bibi yetu. Huko Ubena ulale usingizi wako wote, na akigonga mtu mlango, awe mjukuu tu.