Jumatano za Bwana Kiangazi

Mchungaji, shemeji yangu, wanangu na ndugu waombolezaji, familia imenipa mimi, mdogo wake wa mwisho, kazi ya kuwasomea safari ya kaka yetu, naomba mnivumilie hadi mwisho, kwani kuna aya moja ambayo familia haijaiona.

Kaka alizaliwa Jumatatu, tarehe 4 Machi 1957, katika chumba kilicho nyuma ya stoo ya mabomba ambako baba alikuwa mlinzi, akiwa wa pili kati ya watoto sita, akamaliza shule ya msingi mwaka 1971, akahitimu chuo cha ufundi Novemba 1978, na tarehe 2 Julai 1979 akaajiriwa na idara ya maji kutunza lango la chuma la mfereji mkuu, lile linalopitisha maji ya mvua pembeni yasiingie mtaa wa chini.

Lango hilo lina kazi miezi mitatu tu kwa mwaka, lakini kaka, kiangazi kizima, kila Jumatano saa kumi na mbili asubuhi, baada ya sala, alizungusha gurudumu lake mara arobaini na mbili kufungua na arobaini na mbili kufunga, akalipaka grisi, huku mfereji ukiwa mkavu hata mbuzi wanalala humo, nasi tukambandika jina la Bwana Kiangazi, na aliyekuwa akimwuliza mbele za watu kama hao mbuzi wanasumbuliwa na viungo ni mimi. Mwaka 1993 idara ilimpa onyo kwa kuzidisha matumizi ya grisi, akajibu kwa heshima zote, akaendelea kupaka.

Tarehe 15 Desemba 1984 alifunga ndoa na shemeji, Mungu akawajalia watoto wanne na wajukuu saba, na katika umoja wa wanaume kanisani alizoea kutuambia kwamba mvua haimfundishi mtu kazi, inamsomea matokeo tu, hivyo mwanamume aombe na ajizoeze siku ambazo hakuna anayemhitaji.

Alistaafu tarehe 30 Juni 2017, ufunguo wa lango nikapewa mimi, niliyekuwa mtumishi wa idara hiyohiyo. Fomu ya idara inataka sahihi moja kila miezi mitatu, haina mahali pa kuandika Jumatano, nami kwa miaka saba na ushei nilijaza “lango ni zima” nikiwa mezani, nakala tatu, mwandiko mzuri.

Jumanne, tarehe 8 Aprili mwaka huu wa 2025, mvua ilikuja, gurudumu likagoma, kaka akafika na kopo lake la grisi, akasimama majini hadi kifuani kwa saa tatu, likafunguka, hakuna nyumba iliyozama, yeye akatoka na homa ya mapafu. Hakunilaumu. Jumatano ya tarehe 16 aliniuliza wodini kama nimelizungusha, nikasema ndiyo kaka, nami nilikuwa nimetoka kitandani moja kwa moja, akafumba macho ameridhika, na Jumatano iliyofuata, saa moja asubuhi, Bwana akamtwaa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa mtaa wa chini, na idara, iliyotuma rambirambi kwa nakala tatu.

Pumzika kwa amani ya Bwana, kaka, leo ni Jumamosi, lakini nimepitia langoni kabla ya kuja hapa, arobaini na mbili kufungua, arobaini na mbili kufunga, ndiyo maana karatasi hizi zina grisi.