Swali la Wadih wa Chumba cha Ishara

Abuna padri wetu, wafiwa wenzetu na majirani mliofika, familia imemtuma Fayez, mdogo wa marehemu, awasomee safari ya kaka yake.

Wadih Tadros Basilios alizaliwa hapa Mallawi tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa kwanza wa Tadros mshona viatu, akasoma shule ya msingi hapa hapa na ya ufundi mjini Minya, na tarehe 3 Septemba 1978 akaajiriwa na reli ya Misri, katika chumba cha ishara cha kituo kidogo kusini mwa mji huu, alikodumu miaka thelathini na minane. Tarehe 25 Januari 1987 alifunga ndoa na Irini, wakajaliwa Martina na Bishoy.

Katika kazi hiyo, Wadih hakuvuta wenzo wa ishara ya kuruhusu treni kabla ya kumpigia simu mwenzake wa kituo cha mbele, kumtajia namba ya treni, na kumsikia akiirudia na kusema, "Nimekusikia, njia iko wazi."

Mwaka 2016 zikaletwa kompyuta, na mkuu wa mafunzo ya reli alikuwa Fayez huyu huyu anayewasomea. Wenzake Wadih wote walijaza kwenye fomu kwamba wako tayari kwa mabadiliko, ingawa nusu yao waliogopa hata kuigusa mashine, lakini Wadih, aliyekwisha kuvijua vitufe vyote, aliuliza, "Nikishabonyeza, nani ananijibu?" Darasa likaangua kicheko, mmoja akamwambia, "Ami, kompyuta haina mdomo," na Fayez, akichelea kuonekana anampendelea kaka yake, hakumjibu, akaandika kwenye fomu kwamba Wadih hayuko tayari.

Wadih akahamishiwa stoo ya taa mbovu hadi alipostaafu mwaka 2018. Hakulalamika, ila mezani aliacha kusimulia habari za treni, na hilo lilituuma sana. Fayez alijua tangu siku ile kwamba asiyekuwa tayari ni yeye mwenyewe, aliyeliogopa swali, lakini hakuthubutu kumwambia.

Moyo ulianza kumsumbua Wadih Mei 2021, akalazwa mara tatu, na asubuhi ya tarehe 9 Novemba 2023 akafariki, Fayez akiwa kando ya kitanda akizungumza naye habari za joto la mwaka huu tu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotuletea dengu na kahawa chungu, na wenzake wa reli mliobadilishana zamu ili mfike.

Kaka Wadih, umechelewa kujibiwa, nisamehe. Nimekusikia, njia iko wazi. Pumzika kwa amani.