Taa ya Kijani ya Dada Muhuri

Ndugu waombolezaji, familia imenituma mimi, mdogo wake wa mwisho, fundi wa redio, niwasomee maisha ya dada yetu, na naomba mnivumilie, maana kuna mahali karatasi hii itanishinda.

Dada alizaliwa Jumanne, tarehe 14 Machi 1978, mtoto wa kwanza kati ya wanne, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1985 hadi 1991, kisha sekondari, na mwaka 1997 akahitimu chuo cha uhazili, ambako alichapa kwa kasi hadi mwalimu wake akamwomba aihurumie mashine.

Tarehe 4 Januari 1999 aliajiriwa na kampuni ya maji, masjala ya malalamiko, akawa anajibu barua za watu waliokatiwa maji kimakosa, na wenzake wakamwita Muhuri, kwa jinsi alivyogonga muhuri hadi vikombe vya chai vikacheza mezani. Tarehe 20 Aprili 2002 alifunga ndoa na shemeji yetu, dereva wa malori ya masafa marefu, wakajaliwa binti mmoja, ambaye sasa anasomea uuguzi.

Tarehe 3 Februari 2025 kampuni ilianza jaribio la miezi sita, kupima nani anafanya kazi zaidi, anayekuja ofisini au anayebaki nyumbani, na dada akapangwa kundi la nyumbani, akafurahi, kwa kuwa angekuwa karibu na mama. Wa ofisini walipimwa kwa macho ya msimamizi, nao, kama mnavyojijua wenzake mliopo hapa, walitundika sweta kwenye kiti wakaenda zao. Wa nyumbani walipimwa kwa taa ya kijani kwenye kompyuta, ambayo kipanya kisipoguswa kwa dakika tano inageuka njano, na msimamizi anapiga simu.

Dada aliogopa hata kwenda chooni. Mimi nikajifanya mjuzi, nikaandika ratiba ya zamu, nikaibandika kwenye mlango wa jiko, kwamba dada akiinuka tu, mmoja wetu anakaa na kusukuma kipanya, mimi, shemeji, au binti yao shemeji akiwa safarini, hata mama, mwenye miaka sabini na tisa, ambaye alikipapasa kama kifaranga, tukacheka mpaka machozi.

Mwezi Mei miguu ilianza kumvimba, na tarehe 9 Juni daktari alimkuta na ugonjwa wa moyo, akaandika apumzike wiki sita. Ofisi ilijibu kwa heshima zote kwamba taa yake haijawahi kugeuka njano tangu Februari, kwamba anawapita wote wa ofisini, kwamba mgonjwa wa namna hiyo hawezi kufanya kazi kiasi hicho, na kwa hiyo asubiri jaribio liishe. Nilitaka kwenda kuwaambia ukweli kuhusu zamu, dada akakataa, akasema watamfukuza, akaendelea kujibu barua huku akihema kama aliyepanda ngazi. Nami nikanyamaza. Nasema mbele yenu, nilinyamaza, na ratiba nikaiacha mlangoni.

Ijumaa, tarehe 11 Julai, saa nne asubuhi, alisema anakwenda kujinyoosha kidogo, nikakaa kitini pake, nikasukuma kipanya kwa saa moja na dakika arobaini, nimeupa mgongo mlango wa chumba chake, nikijisifu moyoni kwamba taa haijatetereka. Mama ndiye aliyekwenda kumwamsha. Jumatatu ofisi ilituma ripoti ya wiki, inayosema kwamba siku ile dada hakupoteza hata dakika moja.

Tunamshukuru daktari, ambaye aliandika kilichostahili kuandikwa, majirani waliotuletea viti na kumshika mama, na wafanyakazi wenzake, ambao leo wameacha sweta zao kwenye viti wakaja kumsindikiza. Marehemu ameacha mama, mume, binti mmoja, na wadogo watatu, mmoja wao ndiye huyu anayesoma.

Dada, ratiba nimeibandua, na kitini pako hatakaa mtu. Pumzika kwa amani, taa na igeuke njano.