Mtu wa Gemu Hapewi Kahawa

Pale Kashai, nyuma ya duka la mafuta ya taa, kuna ubao uliopigiliwa juu ya magogo mawili, na huo ubao ndio kijiwe. Hapo kahawa hainywewi, inatafunwa. Kikapu kidogo cha akamwani, kahawa iliyochemshwa na majani yake ikakaushwa na ganda lake, kinapita mkono kwa mkono. Unachota punje mbili, unampa mwenzako. Ukipitishiwa kikapu maana yake wewe ni mtu mzima, una neno la kusikilizwa. Byarugaba fundi cherehani alikuwa akipitishiwa kama wengine. Tangu aanze kushika gemu, kikapu kinamruka. Anakaa ng'ambo ya njia tu, barazani kwake, cherehani mbele yake, lakini kikifika mwisho wa ubao kinageuza kurudi kilikotoka.

Asubuhi ile Kashaija, wa ukoo mmoja na Byarugaba, alikuja kijiweni na mzigo kifuani. Mchana ukoo wao ungekaa kijijini Kamachumu kuamua nani aachiwe kibanja cha marehemu Lameki, nyumba na migomba yake, pamoja na mjane na watoto. Majina yalikuwa mawili: Byarugaba, mdogo wake marehemu, na binamu yao Rwegasira, ambaye matanga hayajaisha alishaanza kusema kwamba mjane arudi kwao na migomba ya chini iuzwe. Mzee Rugemalira, mkubwa wa ukoo, alikuwa amemwita Kashaija pembeni. "Wewe unakaa naye huko mjini," alimwambia. "Nasikia anachezea vitu vya watoto. Kibanja hakiachiwi mtoto. Kamwangalie, uniletee neno. Utakalosema wewe ndilo nitakalolishika."

Ndiyo maana Kashaija hakuizungusha habari. Aliwauliza wenzake wawili moja kwa moja: hivi mtu mzima akicheza gemu, anakuwa mtoto kweli?

Wote watatu wakageuza macho ng'ambo. Byarugaba alikuwa ameinama juu ya kile kidude cha plastiki, vidole gumba vinakwenda kama vya mtu anayemenya maharage mabichi. Kwenye kioo chake vitofali vinashuka kutoka juu, kimoja kimoja, kila kimoja na umbo lake. Unakigeuza kingali hewani, unakitafutia pa kukaa. Mstari ukijaa unafutika, unapata nafasi ya kupumua, kingine hicho kinakuja. Kashaija alishasimama nyuma yake siku moja, na moyoni alisema huyu jamaa ana mkono. Alichosema kwa mdomo ni kwamba kazi za watu zinachelewa.

Aroni, fundi baiskeli wanayemwita Profesa, ndiye aliyeanza.

— Utoto wake uko hapa. Mtu akicheza karata anaondoka na ugomvi. Akienda mpirani anarudi hana sauti. Huyu anacheza kutwa nzima, anaondoka na nini? Mchezo usioacha jeraha ni wa watoto. Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba.

— Hapo kibaba kimeingiaje, Profesa? Kashaija aliuliza.

— Kimeingia. Wewe kitafakari.

Masalu akacheka hadi punje ikamtoka mdomoni. Huyu ni Msukuma, anauza dagaa kutoka visiwa vya Muleba, na kwa kuwa alipigana vita vya Kagera akiwa mgambo, jina lake ni Kamanda. Yeye aliona Profesa anapapasa tu. Akasema vile vidude Wazungu waliwatengenezea watoto wao kuwafundisha ujenzi, ndiyo maana mtoto wa kule akifika miaka saba anajua kusimamisha ghorofa. Sisi tunaanza tukiwa na ndevu. Aibu si mchezo, aibu ni kuchelewa darasa.

Neno hilo lilimgusa Kashaija mahali. Miaka minne nyuma, alipoanza kwenda kisomo cha watu wazima na kibao chake kwapani, hapa hapa walimpa jina la Chekechea. Mtu mzima anakwenda kuimba a, e, i, o, u. Siku aliyowasomea gazeti ukurasa mzima bila kukwama, jina likabadilika, akawa Gazeti. Siku hizi hata karatasi ya sabuni hapiti bila kuisoma. Lakini Chekechea bado anaisikia sikioni.

— Si ndiwe uliyemuuzia, Kamanda? aliuliza.

— Nilimuuzia nikijua anampelekea mtoto. Na tangu hapo sina amani. Vitani niliona mitambo ya vibonye namna hiyo hiyo. Ile ni rada, bwana. Huyu akibonyeza hapa, kuna ndege inayumba nchi ya watu. Ni askari asiye na mshahara. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Profesa hakukubali kupitwa. Akasema kama ni hivyo basi, zile betri hazitoi nguvu, zinavuta. Zinavuta umri wa mtu kupitia vidole gumba, miaka inaingia ndani ya plastiki. Mwangalieni, ndevu zake zimepungua. Mwezi ujao atatambaa. Halafu akanyanyuka, akavuka njia akisingizia anataka kutiwa kiraka, akasimama nyuma ya Byarugaba muda mrefu sana kwa mtu mwenye kiraka kimoja. Aliporudi alikuwa anatikisa kichwa.

— Mtoto mtupu, alisema. Lakini hakosei.

Ndipo Eufrazia, mjane wa Lameki, alipotokea, kanga nyeusi mabegani, vumbi la njia ya Kamachumu miguuni. Alikuja kuchukua sare za watoto alizoshona Byarugaba, na kumwambia Kashaija kwamba wazee wameanza kukusanyika, gari lisimwache.

— Karibu, Ma Eufrazia. Pole na safari.

— Nimeshapoa, waitu, jamaa zangu. Mnamjadili nani?

Kashaija hakuweza kumdanganya mjane wa ndugu yake. Akamweleza: mzee ameuliza kama Byarugaba ni mtu mzima, kwa sababu ya hicho kidude.

Eufrazia alikitazama kidude kule ng'ambo kama mtu anayemtambua jamaa yake.

— Lameki mwishoni alikuwa hawezi kushika kikombe, alisema. Hicho alikishika. Shemeji alikuwa anakuja nacho, anakaa naye kwenye mkeka uleule, wanapokezana. Akishindwa huyu, anashika yule. Nilikuwa nawasikia wanacheka humo ndani. Mimi nilikuwa nimesahau kama nyumba ile huwa inacheka.

Halafu akauliza, bila ubaya, kama mtu anayetaka tu kujua:

— Nanyi watu wazima, siku zile mlikuwa mnacheza wapi?

Profesa akaokota spoku, akaanza kuikunja. Kamanda akasema, "Wahenga walisema," na wahenga hawakuendelea. Kashaija alikumbuka kizingiti cha Lameki. Alikuwa amesimama hapo mara moja, akasema pole kwa kidevu kuelekea gizani, akaondoka na pumzi yake ameibana hadi barabarani, kwa kuogopa ugonjwa uliokuwa unammaliza. Hakuingia. Katika wao watatu hakuna aliyeingia.

Kikapu kilikuwa mkononi mwake. Alichungulia ndani: zimebaki punje mbili.

Kamanda akanyoosha mkono kupokea. Kashaija akasimama, akavuka njia na kikapu, akakishika kwa mikono miwili na kumsogezea Byarugaba, kama anavyosogezewa mwenye kibanja.

Byarugaba hakuinua uso.

— Ngoja kidogo, waitu. Kuna tofali linashuka.

Gari la Kamachumu lilikuwa limeanza kupiga honi kule juu. Kashaija alibaki amesimama na kikapu chake, anasubiri.