Mtutu Nilioutia Motoni Bila Kuuchungulia

Asalaam aleikum, ndugu zangu! Ashukuriwe Mwenyezi Mungu, aliyeniachia jicho moja nipate kuziona nyuso zenu.

Mnanijua. Mimi ni mhunzi wa hapa Kivinje, na kabla ya vita sikujua kutulia. Chuma hakijashika wekundu, nimeshakigonga. Cheche ziliniunguza kifua nikacheka. Mtu akiniambia nivae ngozi, nilimwona mwoga.

Vita vya Maji Maji vilipopamba moto, askari wa Mdachi waliwanyang'anya watu magobore yao, wakanibwagia rundo kibandani. Ombasha, mkubwa wao, akasema, "Kata mitutu yote hii, uunge makomeo ya boma. Kesho nayataka."

Ndugu zangu, roho yangu haikukaa! Wahunzi tulishukiwa kuwafulia watu mishale. Kila askari aliyepita njiani, nilidhani ananijia mimi.

Aliyekuwa akinivukutia moto ni shemeji yangu Athumani, Mmatumbi, mtu wa huko huko vita vilikoanzia. Nilipotia mtutu wa tatu motoni, aliacha mivukuto.

"Shemeji, huo umeuchungulia?"

"Vukuta! Usinichungulie mimi!"

Akavukuta. Mara ukalipuka! Risasi ikapasua nguzo ya mlango, makaa yakanirukia usoni. Nilianguka nimeshika jicho. Nje nikasikia askari wanakuja mbio, na ombasha anapiga kelele: "Nani kapiga bunduki?"

Athumani angeweza kupenya kwenye makuti akakimbia. Mmatumbi, siku zile, mbele ya askari! Alibaki.

"Hakuna aliyepiga, bwana. Mtutu wenu umekuja na baruti ndani."

Ombasha akamwelekezea bunduki kifuani. Athumani akachukua gobore jingine rundoni, polepole, akalichokoa kwa ufito. Ikatoka risasi, kisha baruti ikamwagika kiganjani mwake. Ombasha akaitazama baruti ile, akamtazama yeye, akashusha bunduki. "Endeleeni," akasema, akaenda zake.

Mungu aliniokoa kwa mkono wa mtu niliyemfokea, ndugu zangu! Nililia mbele ya shemeji yangu. Akanifunga jicho kwa kitambaa, akaninyang'anya nyundo. Tukachungulia mitutu yote, tukaichokoa, tukaimwagia maji, ndipo tukakata. Kazi ilichelewa siku mbili. Nilikwenda bomani mwenyewe kusema hivyo. Walinitukana, wakaniacha.

Sisemi nimetulia. Hata leo chuma kikilia ghafla moyo unaruka, na usingizi wangu ni wa vipande vipande. Lakini sasa navaa ngozi. Sisimami mbele ya kitu chenye tundu kikiwa motoni. Na Athumani akiniuliza, namjibu.

Mtegemeeni Mwenyezi Mungu, wala msidhani rehema yake lazima ije na radi. Huja na swali la shemeji. Leteni majembe yenu, ndugu zangu. Nitawachelewesha. Kaeni, mngoje.